Jaji Anapoomba Kura: Safari ya Sir Arnold Amet

Sir Arnold Amet alikuwa Jaji Mkuu wa Papua New Guinea kuanzia 1993 hadi 2003. Mwaka 2007 aligombea ubunge wa mkoa wa kwao, Madang, akashinda. Kwa sheria za nchi hiyo, mbunge anayewakilisha mkoa mzima ndiye anayekuwa gavana wake. Kwa hiyo kura hizo zilimpa kiti bungeni na uongozi wa mkoa kwa pamoja.

Uchaguzi huo ulikuwa wa kwanza wa nchi nzima kutumia utaratibu wa machaguo matatu: mpiga kura anataja mgombea anayemtaka zaidi, kisha wa pili na wa tatu. Asipopatikana wa kuvuka nusu ya kura, anayeshika mkia huondolewa na kura zake kugawiwa kwa wengine. Hapo mgombea hawezi kutegemea watu wake pekee. Hana budi kubisha hodi hata kwa wafuasi wa mpinzani. Jaji hujijengea heshima kwa kutomwomba mtu chochote. Mwanasiasa asipoomba, hapati.

Baadaye Amet aliingia katika serikali ya Waziri Mkuu Sir Michael Somare akiwa Waziri wa Sheria na Mwanasheria Mkuu. Agosti 2011, Somare akiwa bado anapata nafuu baada ya kutibiwa moyo Singapore, Bunge lilitangaza kwamba nafasi yake iko wazi na kumchagua Peter O'Neill aishike kwa kura 70 dhidi ya 24. Tarehe 12 Desemba, Mahakama ya Juu ikaamua kwamba uchaguzi huo ulikiuka katiba na Somare arudi madarakani. O'Neill, mwenye wabunge wengi, hakuondoka. Nchi ikawa na watu wawili wanaodai uwaziri mkuu.

Amet alikuwa upande wa Somare, upande ulioshinda mahakamani ukashindwa bungeni. Hukumu haina jeshi. Nguvu yake hutoka kwa wanasiasa wanaokubali kuitii hata inapowaumiza. Ndiyo maana naamini Bunge linahitaji watu waliowahi kukalia kiti cha hukumu, mradi kuwe na muda wa kutosha kati ya joho na jukwaa. Amet alikaa miaka minne. Muda huo humlinda mwananchi asishuku kwamba hukumu za jana zilikuwa kampeni za leo. Mwaka 2012 Madang ilichagua gavana mwingine, na haki hiyo ya wapiga kura ndiyo msingi ambao mahakama na Bunge vyote vinasimama juu yake.