Dar es Salaam: Chagua Barabara Kabla ya Nyumba

Anayehamia Dar es Salaam, awe mwalimu aliyepata uhamisho kutoka Songea au kijana aliyeitwa kazini kutoka Mwanza, huanza kwa kuuliza ni mtaa gani mzuri wa kupanga. Jibu atakalopata linategemea aliyemuuliza. Shemeji anayekaa Tabata atamsifia Tabata, rafiki wa Kimara atamvuta Kimara, na dalali atamsifia popote penye chumba kitupu. Kazi yangu ni mipango miji, na kila ninapoulizwa swali hilo narudisha swali langu: utafanya kazi wapi, na utatoka nyumbani saa ngapi?

Jiji hili limekua likifuata barabara kuu nne zinazotawanyika kama vidole kutoka katikati ya mji. Barabara ya Bagamoyo inakwenda kaskazini kupitia Mwenge, Mbezi Beach na Tegeta hadi Bunju. Ya Morogoro inakwenda magharibi kupitia Magomeni, Ubungo na Kimara hadi Kibamba. Ya Nyerere inapita Tazara na uwanja wa ndege kuelekea Gongo la Mboto na Pugu, na ya Kilwa inashuka kusini kupitia Mtoni hadi Mbagala. Kigamboni iko ng'ambo ya maji, na anayekaa huko huvuka kwa pantoni ya Magogoni au kwa Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na sehemu kubwa ya riziki yao, yaani Kariakoo, Posta na bandari, imejikusanya pale barabara zote zinapokutana.

Ndiyo maana nasisitiza barabara. Mwenye kazi Mbagala akipanga Tegeta kwa sababu kaona nyumba safi yenye vigae, kila siku atalivuka jiji zima, na kila makutano yatachukua sehemu ya usingizi wake. Majina nayo huponza wageni. Mbezi Beach iko Barabara ya Bagamoyo karibu na bahari, ilhali Mbezi Luis iko Barabara ya Morogoro, kwenye kituo kikuu cha mabasi cha Magufuli. Mtu akikwambia "kuna chumba Mbezi, bei poa," muulize Mbezi ipi kabla ya kuuliza bei.

Ukishajua barabara, angalia upande wa foleni. Asubuhi magari yanaelekea mjini, jioni yanatoka. Mtu anayefanya kazi Chuo Kikuu pale Mlimani akipanga Sinza au Kijitonyama, asubuhi anakwenda kinyume na msongamano. Akipanga Kibaha anaingia katikati yake. Nafuu hii hailipiwi chochote, na bado ni wachache wanaoitafuta.

Kuna jambo lingine ambalo tangazo la nyumba halilitaji: gari linaanzia wapi. Ukikaa karibu na kituo ambako daladala zinaanzia safari, kama Gongo la Mboto, Mbagala Rangi Tatu au Mbezi Luis, unapanda, unakaa, unasinzia. Ukikaa katikati ya njia, zinakupita zimejaa, abiria wakining'inia mlangoni. Wakazi wa maeneo hayo ya katikati wamezoea kugeuza na gari: wanapanda linalokwenda mwisho wa njia, wanalipa nauli, linageuka nao, wanalipa tena. Anayegeuza kila asubuhi analipa nauli mara mbili na kuamka mapema zaidi, kwa hiyo hesabu yake ya kodi nafuu haijakamilika. Usafiri wa mabasi ya mwendokasi, ulioanza 2016 kati ya Kimara na Kivukoni pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco, umepunguza muda wa njiani kwa sababu una njia yake. Lakini hata hapo, anayepandia vituo vya katikati saa moja asubuhi anajua mlango unavyogombaniwa.

Kisha kuna umbali kutoka lami hadi mlangoni. Dalali atasema ni pua na mdomo. Tembea mwenyewe. Tuseme unahitaji bodaboda ya shilingi 1,000 kuingia na 1,000 kutoka, siku 26 za kazi: hizo ni shilingi 52,000 kwa mwezi, na bado hujapanda daladala. Ziongeze kwenye kodi, kisha ulinganishe upya na kile chumba kidogo cha karibu na barabara ulichokiona ghali. Kwa maoni yangu, kwa mtu asiye na watoto, chumba kimoja chenye choo ndani karibu na barabara kina thamani zaidi kuliko vyumba viwili na sebule saa mbili kutoka kazini. Mwenye watoto aanze na shule. Mwanafunzi anayegombania daladala, akisukumwa na makondakta wasiotaka nauli ya mwanafunzi, anafika darasani amechoka kabla somo halijaanza, na hilo halipaswi kuwa sehemu ya malezi ya mtoto yeyote.

Jambo la maji ya mvua nataka kulieleza kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza mali na hata maisha. Dar es Salaam imekatwa na mabonde. Mto Msimbazi unatoka milima ya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani na kuingia baharini karibu na Upanga. Mto Ng'ombe unapita kando ya Sinza na Tandale. Mito ya Kizinga na Mzinga iko upande wa Temeke. Baada ya mafuriko makubwa ya Desemba 2011, serikali iliwapa viwanja Mabwepande waathirika wa bonde la Msimbazi, lakini mabondeni watu wanaendelea kupangisha na kupanga, kwa kuwa ni karibu na mji na bei inashikika. Hata asiyekaa bondeni linamgusa: mvua ikizidi, barabara hufungwa pale Jangwani, na abiria wa mwendokasi wa Kimara anakwama.

Hatari hii haiishii mitoni. Boko na Basihaya, ambako nyumba ni za kisasa na kuta ni ndefu, maji yamewahi kusimama kwa wiki kwa sababu ardhi ni tambarare na njia za asili za maji zimejengwa. Kwa hiyo usiulize kama eneo lina mafuriko, utajibiwa hakuna. Uliza hivi: masika yaliyopita maji yalifika wapi? Muulize mwenye genge na mama ntilie, ambao hawapati chochote ukipanga au usipopanga. Tazama ukuta kwa nje, kimo cha goti, uone kama kuna mstari wa tope au rangi mpya iliyopakwa hapo tu. Kijiukuta kilichojengwa mbele ya mlango, viroba vya mchanga pembeni, sakafu iliyopandishwa juu ya uwanja: kila kimoja kina habari yake. Ukiweza, nenda katika mvua. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba.

Mvua hiyohiyo hufichua suala la choo. Sehemu kubwa ya jiji haina mtandao wa majitaka, kila nyumba ina shimo lake. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa viwanja miaka ya 1970 katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ndiyo maana gari la kunyonya majitaka linaingia hadi uani. Tandale, jirani ya Sinza, ilijengwa bila upimaji, na uchochoro ukiwa mwembamba gari haliingii. Mvua ikishuka, wapo wanaotapisha vyoo, na kinachotapishwa kinapita mlangoni kwa jirani. Kwa hiyo angalia kama gari linaweza kufika nyumba unayoitaka. Njia inayopitisha gari la kunyonya choo ndiyo itakayopitisha gari la kumfikisha mgonjwa hospitali ya Amana, Mwananyamala au Temeke usiku.

Maji ya kunywa na ya kuoga yanataka ukaguzi wake. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inachota mto mmoja, hivyo ukame ukipiga, kama ilivyokuwa 2022, mgao unafika karibu kila mahali. Walio vilimani na mwisho wa bomba hutangulia kukosa. Nyumba nyingi hutegemea kisima, na visima vingi vina chumvi. Fungua bomba, onja, osha mikono kwa sabuni uone kama inatoa povu. Uliza simtanki ni ya nani na inajazwa siku zipi. Umeme wa Luku nao: mko wangapi kwenye mita moja, na mpangaji mwenye friji tatu za biashara analipa kiasi gani?

Rudi usiku, Ijumaa au Jumamosi, kwenye saa nne. Mtaa uliokuwa kimya mchana unaweza kuwa na baa tatu zinazoshindana kwa spika. NEMC, baraza la taifa la mazingira, imewahi kufungia baa na kumbi kwa kelele, lakini nyingi hufunguliwa tena, na wewe utakuwa umeshalipa.

Hapo kwenye kulipa kabla ndipo penye ugumu wenyewe. Nairobi wengi hulipa mwezi kwa mwezi na amana. Hapa wenye nyumba wengi wanataka miezi sita, wengine mwaka, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja juu yake. Kosa la mtaa hulirekebishi mapema. Ukiwa na ndugu wa kukupokea, kaa kwake mwezi mmoja huku ukijaribu njia ya kazini saa ileile utakayokuwa unatoka. Usipokuwa naye, tafuta chumba cha kulipia mwezi mmoja mmoja, hata kama ni kidogo na choo ni cha pamoja. Baadaye, kabla ya kutoa kodi ya nusu mwaka, pita ofisi ya serikali ya mtaa uulize nyumba ni ya nani, kwa kuwa wapo waliolipa kwa mtu ambaye naye alikuwa mpangaji. Mkataba uandikwe, usainiwe mbele ya mashahidi, utaje nani anatengeneza paa likivuja na nani analipia kunyonya shimo likijaa.