Ukiugua kwenye barafu, hospitali iko mbali

SAA sita za usiku jua lingali linawaka, na abiria waliovaa makoti mazito wamejazana sitahani wakimtazama dubu mweupe akiruka kutoka kipande kimoja cha barafu hadi kingine. Hakuna aliye na hamu ya kulala. Kumbe orofa mbili chini, daktari wa meli anampima mzee aliyeshikwa na maumivu ya kifua, na kinachomkosesha raha daktari huyo si ugonjwa wenyewe. Ni je, mgonjwa atafikishwa hospitalini vipi, na baada ya muda gani?

Kisa cha aina hiyo chaweza kutokea siku yoyote katika safari za meli ndogo zinazozuru bahari ya Aktiki, karibu na Ncha ya Kaskazini. Meli hizo hubeba kuanzia abiria 12 hivi hadi 200, nazo hupenya kwenye hori nyembamba ambamo meli kubwa za watalii haziwezi kuingia. Nyingi huanza safari katika mji wa Longyearbyen, visiwa vya Svalbard, ambavyo viko chini ya Norway. Nyingine huelekea mashariki mwa Greenland au kaskazini mwa Canada. Hakuna bandari huko ziendako. Abiria hushushwa ufuoni kwa mashua za mpira, huku kiongozi aliyebeba bunduki akiangalia kama kuna dubu.

Wateja wa safari hizi wengi wao ni watu waliostaafu, wenye pesa na nafasi, na pia wenye presha, kisukari na magoti yanayouma. Hapo ndipo ilipo shida.

Msomaji ataelewa vyema akikumbuka yaliyoipata meli ya Ocean Explorer. Mnamo Septemba 11, 2023, meli hiyo ilikwama katika hori la Alpefjord, kaskazini mashariki mwa Greenland, ikiwa na watu 206. Manowari ya Denmark iliyotumwa kusaidia ilikuwa zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapo. Maji yalijaa, meli ikajaribu kujinasua ikashindwa, na mle ndani walikuwamo wagonjwa wachache wa Covid-19 ambao walilazimika kutengwa na wenzao. Iliponasuliwa Septemba 14, ni meli ya utafiti wa samaki, Tarajoq, iliyoivuta. Hakuna aliyejeruhiwa. Lakini hebu fikiria mtu angepatwa na kiharusi siku ya kwanza!

Si kwamba wakuu wa usafiri wa majini hawajui. Sheria za kimataifa za meli za maeneo ya barafu, zilizoanza kutumika Januari 1, 2017, zataka kila meli iwe na vifaa vya kuwaweka watu hai kwa siku zisizopungua tano wakingoja kuokolewa. Siku tano. Daktari yeyote atakuambia kwamba mshtuko wa moyo huhesabiwa kwa dakika.

Ndani ya meli huwa kuna daktari mmoja, zahanati ndogo, oksijeni, mashine ya kushtua moyo na dawa za kawaida. Anaweza kushona jeraha, kufunga mfupa uliovunjika na kumtuliza mgonjwa. Upasuaji mkubwa hawezi. Mgonjwa aliyezidiwa sharti afikishwe Longyearbyen, kwa meli yenyewe au kwa helikopta endapo ukungu utaruhusu. Na hata akifika, hospitali ya Longyearbyen ni ndogo, yenye vitanda vichache. Akina mama wajawazito wa mji huo hutakiwa kusafiri hadi bara kabla ya siku zao kutimia. Aliye mahututi hupakiwa kwenye ndege tena hadi Tromsø, Norway bara, umbali wa kilomita zinazokaribia 1,000.

Ndiyo maana kampuni nyingi humpa msafiri fomu ya afya ijazwe na daktari wake. Wapo wanaoficha. Mtu ameweka akiba miaka kumi, anaogopa kukataliwa, basi anaandika kwamba hana tatizo lolote ilhali mwezi uliopita alilazwa kwa ajili ya moyo. Kwa maoni yangu huo si ujanja, maana anayedanganywa ni yule yule daktari atakayeitwa usiku kumhudumia bila kujua ni dawa gani anazomeza.

Baridi nayo? Ajabu ni kwamba hewa ya kiangazi si ya kutisha sana. Mwezi wa Julai huko Svalbard huwa digrii sita hivi, na anayeijua Limuru ya mwezi huo akivaa nguo nzito zaidi anaweza kustahimili. Linaloua upesi ni maji. Anayetumbukia katika maji yanayokaribia kuganda huhema ghafla bila kutaka, na akihema kichwa kikiwa chini, anameza maji. Presha hupanda na moyo huenda mbio. Baada ya dakika kama kumi vidole na mikono hukataa kufanya kazi, hata kamba akirushiwa hawezi kuishika. Kwa hiyo jaketi la kuelea huvaliwa kabla ya kuingia mashuani.

Hata hivyo, meli nyingi huwaruhusu abiria kuruka majini kwa hiari, kamba imefungwa kiunoni, kisha wanapewa taulo na kinywaji cha moto. Kwa kijana mwenye afya ni mchezo. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo ni hatari tupu, na heri akae sitahani awapigie wenzake makofi.

Mtu akiopolewa, alazwe chali na abebwe polepole, avuliwe nguo zilizolowa na kufunikwa kwa nguo kavu. Asisuguliwe mikono wala miguu, asipewe pombe. Akiwa macho, apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Kutetemeka kukikoma bila yeye kupata joto, ujue hali imekuwa mbaya zaidi.

Na asidhaniwe amekufa upesi. Mei 20, 1999, daktari Anna Bågenholm aliyekuwa akiteleza juu ya theluji karibu na Narvik, Norway, alitumbukia chini ya barafu akakaa humo dakika 80. Moyo ulisimama na joto la mwili lilishuka hadi digrii 13.7. Katika hospitali ya Tromsø damu yake ilipashwa moto kwa mashine nje ya mwili, naye akapona, na baadaye akafanya kazi katika hospitali hiyo hiyo. Lakini yeye alikuwa mahali ambapo helikopta ilimfikisha Tromsø bila kuchelewa.

Yanayowapata abiria wengi ni madogo zaidi: kuteleza kwenye ngazi zenye maji, mafua yanayoenea kwenye chumba cha chakula, na kulevywa na bahari. Meli ndogo huyumba sana kwenye bahari ya wazi, ingawa ikishaingia katikati ya barafu mawimbi hutulia. Dawa ya kuzuia kutapika imezwe kabla ya kung'oa nanga. Ukishaanza kutapika haikai tumboni. Keti katikati ya meli, orofa ya chini, au toka nje utazame mbali pale bahari inapokutana na mbingu.

Dawa zako za kila siku ziwe nyingi kuliko siku za safari, kwani Ocean Explorer haikupanga kukwama. Beba nakala ya kipimo chako cha moyo na majina ya dawa unazotumia, na uhakikishe bima yako yataja wazi kubebwa kwa ndege ukiugua. Wenye kisukari wasiiache insulini katika mkoba ambao huenda ukasahauliwa nje kwenye baridi: ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka haifai kutumiwa tena.