Mizabibu ya Dodoma: Je, Yatufaa Sisi wa Mraru?

Msomaji mpenzi, huenda umesikia kwamba huko Hispania watu hulipa fedha ili waingie katika kiwanda cha mvinyo, waonje bilauri tatu nne, kisha wakae mezani wale chakula cha mchana kilichochaguliwa kipatane na kila kinywaji. Si ajabu, maana hakuna nchi duniani iliyo na eneo kubwa la mizabibu kuipita Hispania: ni hektari zipatazo laki 9, na nyingi zi katika nchi kavu. Lakini mtu wa Mraru hana haja ya kuvuka bahari ili alione jambo hilo. Akipita Taveta na kuvuka mpaka Holili, akashika njia ya Moshi, Arusha, Babati na Kondoa, atafika Dodoma, ambako zabibu zimelimwa tangu miaka ya 1950.

Safari hiyo nimeifanya, nami nitakueleza sababu yake. Mimi ni karani tu wa ofisi ya kilimo. Nilisomea ualimu, na hata leo jirani zangu huniita Mwalimu. Mzee mmoja alisikia habari za zabibu katika redio, akaja kwangu jioni akasema, "Mwalimu, nataka kuuza mitamba wangu wawili ninunue miche ya mizabibu. Wasemaje?"

Sikumjibu upesi. Miaka michache iliyopita niliwahimiza watu walime pilipili, kwa kuwa ndovu hawaipendi, nasi twajua jinsi ndovu wa Tsavo wanavyotumaliza. Pilipili ilistawi vizuri, lakini mnunuzi aliyeahidi kuja hakuja, na magunia yakabaki ndani ya nyumba. Mzee huyo alikuwa mmoja wa waliolima, wala hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Basi safari hii nikamwambia, "Mzee, usiuze kitu. Ngoja kwanza niende nikaone kwa macho yangu."

NCHI KAVU, MAVUNO MAWILI

Dodoma ni nchi ya mibuyu na vumbi, nawe ukiiona utadhani u karibu na kwenu. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, kisha ni jua tupu. Wamisionari Wakatoliki wa Bihawana ndio walioanza kupanda mizabibu huko, na leo wakulima wadogo wa Hombolo, Mpunguzi na vijiji vingine wana mashamba yao. Kituo cha utafiti cha Makutupora huwasaidia kwa miche na mafunzo.

Katika Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, ukazaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo, basi mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi wake: akiupogoa, unachipua na kuzaa. Kwa njia hiyo hupata mavuno mawili, moja kati ya Februari na Machi, na jingine kati ya Agosti na Septemba. Mavuno ya kiangazi ndiyo mazuri zaidi, kwa maana mvua huleta ukungu juu ya majani na vichala. Lakini kiangazi chataka maji ya kumwagilia. Tia alama hapo, msomaji, tutarudi.

KIWANDANI

Kiwanda tulichokwenda kilikuwa kidogo. Mama aliyetupokea alituonyesha kazi yote tangu mlangoni. Zabibu zikiletwa hupimwa uzani, kisha tone la maji yake hupimwa kwa kioo kidogo kionyeshacho sukari, maana sukari ndiyo itakayogeuka kuwa kileo. Baadaye hupondwa. Wakitaka mvinyo mwekundu, huacha maji yachachuke pamoja na maganda, kwa kuwa rangi hukaa katika ganda. Wakitaka mweupe, hukamua kwanza, na maganda huwekwa kando. Hamira hula ile sukari na kutoa kileo pamoja na hewa nzito inayoweza kumwua mtu katika chumba kilichofungwa. Ndiyo sababu milango huachwa wazi.

Kisha tukaonja. Kwanza unatazama rangi, pili unanusa, tatu unatia kidogo kinywani, unakizungusha na kukitema katika ndoo. Lo! Nilidhani kutema kinywaji mbele ya mwenyeji ni utovu wa adabu, kumbe anayefanya kazi ya kuonja asipotema hatajua tena tofauti ya cha tatu na cha nne. Nawe usiyekunywa, usiogope: dereva wetu hakugusa kileo hata kidogo, akapewa maji matamu ya zabibu, akasifu kuliko sisi.

MEZANI

Chakula cha mchana kiliandikwa chini ya mti. Samaki wa bwawa la Mtera aliletwa pamoja na mvinyo mweupe, na mara nikaelewa: uchachu wake wafanya kazi ile ile ya ndimu tunayomkamulia samaki. Kisha ikaja nyama ya mbuzi ya kuchoma, ugali wa mtama na mlenda, pamoja na mvinyo mwekundu. Mwekundu ule, ukiunywa peke yake, una ukakasi unaokausha ulimi. Lakini ukiufuatisha na nyama ya mafuta, ukakasi hupungua na mafuta hayakinai. Mwisho tukaletewa ule mtamu watu wa huko wauitao dompo, pamoja na karanga. Nilijiuliza kimanga chetu kingepatana na upi.

Karibu nami alikaa mkulima aliyekuja kuleta zabibu zake. Nikamwambia, "Ndugu, ninyi mmebahatika." Akacheka kidogo, akasema, "Bwana, zabibu haingoji. Ikiiva imeiva. Mnunuzi akichelewa wiki moja, wewe na nyuki ndio mnaogawana." Akaniambia kwamba kampuni ya umma ya DOWICO ilipokwama, wengi walikosa pa kupeleka mazao. Hata sasa wako wakulima kuliko wanunuzi, na mwenye zabibu mbivu hana nguvu ya kubishania bei. Ndiyo maana wengine hukamua wenyewe, wakauza mchuzi wa zabibu kwa viwanda, kwa kuwa mchuzi uliotunzwa vema katika matangi waweza kungoja kidogo.

Chupa moja ya mvinyo hutaka zabibu kilo moja na zaidi kidogo. Faida kubwa, basi, humwendea mwenye kiwanda, mwenye chupa, na mwenye meza iliyoandikwa chini ya mti. Mwenye shamba hupata sehemu yake ikiwa tu mnunuzi yupo.

TUJIFUNZE NINI?

Kabla sijaondoka, mkulima yule alitaka kunipa fungu la vipando nitie mfukoni. Nilivitamani, nikimkumbuka Mzee, lakini nilikataa. Mimea haivushwi mpaka bila kibali cha KEPHIS na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi itokayo. Sheria hii si usumbufu. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo aitwaye filoksera aliingia Ulaya pamoja na mizabibu iliyotoka Marekani, akaangamiza mashamba ya Ufaransa na nchi nyingine. Kadhalika, atakaye kutengeneza mvinyo wa kuuza hapa Kenya sharti apate leseni chini ya sheria ya vileo ya mwaka wa 2010.

Niliporudi, Mzee alinitazama mikono mitupu, akanyamaza. Nikamweleza yote. Akauliza, "Kwa hiyo hapana?" Nikamjibu, "Sisemi hapana, Mzee. Nasema tujibu kwanza maswali matatu: Nani atanunua, na ameandika? Maji ya kiangazi yatatoka wapi? Na ukungu ukiingia, dawa tutainunua kwa fedha gani, ilhali sisi tuna misimu miwili ya mvua?"

Mzee akafikiri, kisha akanikumbusha jambo nililolisahau. Akina mama wa Mraru, alisema, walipoona mabasi ya Voi yanawapita yamejaa, hawakuongeza mazao; walichanga fedha zao kidogo kidogo hata wakanunua basi lao wenyewe mwaka wa 1975. Waliitafuta kwanza njia ya soko.

Mitamba wale wawili bado wako zizini, na mmoja ana mimba. Mzee atapanda mizabibu mitatu karibu na jiko, ya kula na wajukuu, kwa miche atakayonunua kwa mwenye kibali. Ikistawi, tutajua kitu. Isipostawi, hatutakuwa tumepoteza ng'ombe. Nawe, msomaji, utakaposikia habari ya zao jipya, usikimbilie jembe. Muulize aliyelilima kabla yako, na umuulize zaidi habari za mwaka ule mnunuzi hakuja.