Motokari ya farasi 400 na nyumba isiyo na mabati



Juma lililopita, likelemba ilipokwisha, mama mwenzetu mmoja alibaki amekaa. Tulimwuliza, naye akatutolea simu. Ndani mlikuwa picha ya motokari nyeusi, viti vya ngozi: BMW M5 ya mwaka 2000, okazio, toka Ubelgiji. Shemeji yake aliyeko kule aliituma kwa bwana yake. Bei: dola 15,000. Na dola 15,000 ndiyo akiba yao ya miaka saba, ya kumaliza nyumba kule Panzi. Kuta zimesimama, mabati hakuna.

Hatukucheka. Motokari ile ni kazi ya mafundi kweli. Ilitengenezwa kati ya 1998 na 2003, mashini ya silinda 8, nguvu za farasi 400, na vitesi sita za mkono tu. Otomatiki haikuwekwa kamwe. Anayependa kuendesha ataitamani. Bwana wa mama huyu si mtu mbaya, ni mtu mwenye ndoto.

Ila ndoto nayo inahesabiwa. Sisi walimu tulichukua kalamu. Mashini ya namna hii hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Bukavu tuko karibu mita 1,500. Farasi 60 hivi wanabaki njiani! Mjini hunywa zaidi ya lita 20 za esanse kwa kilomita 100. Vitesi ya sita utaitia wapi, kwenye foleni ya avenyu Lumumba? Na tumbo lake la chini litapitaje mashimo ya Ngomo? Tena dola 15,000 ni bei ya Ulaya: bado meli, bado njia ndefu toka Dar es Salaam, bado duane na namba.

Mama aliuliza: «Nimwambie nini bila kuleta vita nyumbani?»

Tulimkumbusha sheria. Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo: sasa bwana na bibi wanapaswa kusikilizana. Kusikilizana si kunyamaza, wala si kugombana. Basi akamwomba bwana waende pamoja kwa fundi, daftari mkononi.

Fundi aliuliza maswali matatu tu: piesi zitatoka wapi, nani hapa anajua mashini hii, na ambreyaji ikiisha milimani, pesa iko? Bwana alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu alisema: «Tununue mabati kwanza.» Picha bado anayo katika simu, na mama hakumwomba aifute.

Kwenu mnaotaka motokari okazio ya vitesi za mkono, hata Toyota ya kawaida, shikeni haya:

1. Namba ya shasi ilingane na ile ya karte roze. Ikitofautiana hata herufi moja, rudini nyumbani.

2. Fikeni mashini ikiwa baridi. Muuzaji akiiwasha mbele hamjafika, huenda anaficha ugumu wa kuwaka au moshi.

3. Pimeni ambreyaji: vuta freni ya mkono, tia vitesi ya tatu, achia ambreyaji polepole. Mashini ikizimika, vema. Ikiendelea kunguruma, ambreyaji imechoka.

4. Pandeni mlima nayo, badilisheni vitesi zote kwenda na kurudi. Ikisaga meno au vitesi ikiruka yenyewe, bwate ina ugonjwa.

5. Usukani uwe kushoto, kwa kuwa sisi tunapita kuume. Motokari nyingi za Japani zina usukani kuume. Kupita lori nazo ni hatari.

6. Msimalize pesa zote kwa kununua. Bakisheni za piesi, za karatasi, na minervali ya watoto isiguswe.

Mama mwenzetu anasema mabati yatapanda mwezi ujao. Siku hiyo tutaenda kumsaidia, na bwana yake ametuahidi fanta.

Juma njema kwenu wote.