Ukinunua Fleti, Umenunua na Majirani

Mkutano wetu wa mwisho wa wamiliki tuliufanyia chini kwenye maegesho, viti vya plastiki vikipangwa katikati ya magari, na ulichukua saa mbili na robo. Saa moja na nusu iliishia kwenye kinu. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu hutwanga kisamvu chake mwenyewe, cha kusagwa sokoni hakitaki, na sakafu ya zege hupeleka kila pigo la mchi hadi kwenye mto wa jirani wa chini yake, muuguzi wa zamu za usiku anayelala mchana. Wakasema wa upande wa kinu, wakasema wa upande wa usingizi, akasimama mzee mmoja kutukumbusha kwamba binadamu hakuumbwa akae juu ya kichwa cha mwenzake. Ajenda ya pampu ya maji ikapewa dakika za mwisho, watu wakiwa wameshashika funguo mkononi.

Siwacheki. Nami nilichangia kuhusu kinu, tena kwa sauti. Ila tangu siku ile najiuliza ilikuwaje watu wazima, wengine wakiwa na mikopo ya benki juu ya fleti hizo, tumalize pumzi zetu kwenye mchi na kuiacha pampu, ambayo ikifa hakuna atakayeoga. Wengi hupima raha na karaha ya kuishi chini ya kanuni za umoja wa wamiliki kwa vitu vinavyoonekana na kusikika: kelele, nguo kwenye kibaraza, kuku, nani kapaki wapi. Kwa mawazo yangu kipimo chenyewe kimo ndani ya daftari la mweka hazina.

Tuanze na kile mtu anachonunua. Kiwanja unaweza kukizunguka kwa miguu na kuziona bikoni zake. Fleti haina bikoni. Kilicho chako peke yako ni nafasi iliyozungukwa na kuta, yenye sakafu na dari. Paa si lako, ngazi si zako. Lifti, bomba kuu la majitaka, geti na ardhi yenyewe ni mali ya wenye fleti wote, kila mmoja na fungu lake. Tanzania iliuweka utaratibu huo katika Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008. Kenya ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu 1987, ikaifuta na kutunga nyingine mwaka 2020. Kotekote mali hiyo ya pamoja iko mikononi mwa umoja wa wamiliki, na umoja huo si kikoba ambacho ukichoka unachukua chako na kuondoka. Umeingia siku uliponunua, utatoka siku utakayouza. Una kanuni zake na kamati yake, unaweza kushtaki na kushtakiwa, na una haki ya kudai mchango hata kwa mwenye fleti ya chini ambaye hajawahi kuipanda lifti.

Nchini Marekani mambo yamekwenda mbali zaidi, maana huko hata nyumba zilizojitenga, kila moja na kiwanja chake, huwekwa chini ya umoja wa namna hii. Ukijumlisha na wa fleti, zaidi ya watu milioni 70 wanaishi chini ya umoja wa wamiliki. Kanuni zinaweza kutaja urefu wa majani ya bustani, rangi ya mlango, na kama boti yako inaruhusiwa kuonekana kutoka barabarani. Serikali imelazimika kuingilia kati mara kadhaa kuwatetea wenye nyumba dhidi ya majirani zao. Mwaka 2006 Bunge la huko lilitunga sheria ya kukataza umoja wa wamiliki kumzuia mtu kupeperusha bendera ya taifa nyumbani kwake. Jimbo la Florida nalo lina sheria inayokataza kupiga marufuku kamba za kuanikia nguo, kwa hoja kwamba jua ni nishati mbadala. Kwetu sisi ambao kamba ya nguo ni sehemu ya nyumba kama mlango ulivyo, habari hiyo inachekesha, mpaka ukumbuke kwamba majengo mapya ya Dar es Salaam na Nairobi nayo yameanza kuzikataza.

Hata hivyo sitaki kujifanya nisiyejua kwa nini nalipa. Nilikulia mtaa ambao jirani mmoja alizibua chemba ya choo chake kila mvua ikinyesha, mwingine akageuza uwani kuwa gereji ya kunyoosha bodi za daladala. Ukilalamika unakwenda kwa mjumbe, mjumbe anakupeleka serikali ya mtaa, serikali ya mtaa inakushauri mkae mzungumze kama majirani. Katika jengo letu jenereta, mlinzi wa usiku na gari la majitaka hulipiwa na kaya 24. Peke yangu nisingeviweza. Na jirani akianza kuchomelea mageti kibarazani nina namba ya kupiga, nina kifungu cha kutaja, na yeye alijua kifungu hicho kipo kabla hajanunua. Mnunuzi naye hutoa bei nzuri zaidi akikuta ngazi safi na taa zinawaka.

Shida ni kwamba kanuni nyingi huja zimeshonwa kwa vipimo vya mwili mwingine. Zetu zina kifungu kizima kuhusu bwawa la kuogelea, nasi bwawa hatuna. Kuhusu msiba hazikuwa na hata neno moja. Alipofariki mzee wa ghorofa ya nne, turubai likafungwa kwenye maegesho, mikeka ikatandikwa, masufuria ya pilau yakapangwa kando ya chumba cha jenereta, na kwa siku tatu hakuna gari lililoingia wala kutoka. Hakuna aliyeomba ruhusa, na nani angethubutu kuidai? Siku ya pili maji yakakatika, kwa kuwa tangi la kaya 24 lilikuwa likihudumia waombolezaji mia na ushee. Baada ya arobaini kamati ikakaa na kuandika: msiba siku tatu, magari yahamie barabarani, gharama ya boza moja la maji itoke kwenye mfuko wa umoja. Hiyo ndiyo kanuni pekee katika jengo letu ambayo sijamsikia mtu akiilalamikia.

Kanuni bila meno ni ushauri tu, kwa hiyo kila umoja hupewa meno. Swali ni makali kiasi gani. Mwaka 2010 huko Texas iliibuka kesi iliyowashtua hata Wamarekani wenyewe. Mwanajeshi akiwa kazini Iraq, mkewe nyumbani akapitiwa na michango ya umoja isiyofika dola 1,000. Nyumba yao, yenye thamani ya dola 300,000 hivi, ikapigwa mnada kwa dola 3,500. Familia hatimaye ilirudishiwa nyumba yake baada ya kufika mahakamani, na mwaka uliofuata jimbo likabadilisha sheria ili umoja usiweze kuuza nyumba ya mtu bila kwanza kupata amri ya mahakama. Nawaelewa walioudai mchango: asiyelipa anabebwa na wanaolipa. Lakini deni la bei ya jokofu halifanani na paa la watoto.

Kuna doa la zamani zaidi, na linatuhusu. Sehemu kubwa ya makubaliano ya majirani katika miji ya Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, iliandikwa ili kuzuia watu weusi wasinunue nyumba mtaani. Familia ya Shelley ilinunua nyumba St. Louis mwaka 1945, majirani wakaenda mahakamani kuitoa, na mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya nchi ikaamua kwamba hakuna mahakama inayoruhusiwa kuyatekeleza makubaliano ya namna hiyo. Dar es Salaam ya ukoloni haikuhitaji kutaja rangi ya mtu. Ilitaja aina ya jengo. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliugawa mji katika kanda tatu kwa viwango vya ujenzi, na kila mtu akajua ipi ni Uzunguni, ipi Uhindini na ipi Uswahilini, kiwanja kitupu cha Mnazi Mmoja kikikaa katikati kuitenga Kariakoo. Kwa hiyo mtu anaposema "sisi tunalinda hadhi ya jengo tu", mimi hutega sikio. Mwaka juzi kwetu ililetwa hoja kwamba wasaidizi wa kazi za nyumbani wapande kwa ngazi, lifti iachiwe wakazi. Msaidizi anayeishi humo siku saba kwa wiki si mkazi? Hoja ilianguka kwa kura nne. Kanuni inayokataza kelele naweza kuitii hata ikiniudhi, maana kelele yangu ni kelele na ya jirani ni kelele. Inayomkataza mtu fulani haina cha kurekebisha, ni ya kufutwa.

Sasa turudi kwenye daftari. Mchango wa kila mwezi, ule ambao madalali huuita "sevisi chaji", una kazi mbili zinazochanganywa mno. Ya kwanza ni matumizi: mlinzi, usafi, umeme wa ngazi, dizeli. Ya pili ni akiba kwa ajili ya vitu vinavyokufa polepole. Chukua lifti. Tuseme itadumu miaka 20, na kuweka mpya kutagharimu shilingi milioni 120. Kwa fleti 24 ni milioni tano kila moja, yaani kama shilingi 21,000 kwa mwezi kuanzia siku ya kwanza. Haziumi. Ila kamati inayotaka kupendwa hupunguza mchango kwa kuiondoa hiyo 21,000, wakazi wanashangilia, na miaka 20 baadaye kila mlango unagongwa kudaiwa milioni tano taslimu. Wakati huo nusu ya walioshangilia wameshauza.

Mfano mchungu zaidi ninaoujua ni wa Surfside, Florida. Jengo la Champlain Towers South lilikuwa na ghorofa 12 na fleti 136, lilijengwa mwaka 1981 kandokando ya bahari. Mwaka 2018 mhandisi aliandika kwamba tabaka la kuzuia maji chini ya eneo la bwawa limeshindwa kazi na zege linaharibika. Yakafuata mabishano ya bei na ya nani alipe. Mwaka 2019 wajumbe kadhaa wa bodi walijiuzulu. Hadi Aprili 2021 gharama ya matengenezo ilikuwa imefika dola milioni 15 hivi, na kila mwenye fleti akatakiwa kutoa kuanzia dola 80,000 kwenda juu, wengine zaidi ya 300,000. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Juni mwaka huo sehemu kubwa ya jengo ilianguka watu wakiwa wamelala. Walikufa 98. Si haki kuwatwisha majirani lawama yote, kwa kuwa wachunguzi walikuta dosari zilizokuwamo tangu usanifu wa jengo. Lakini chombo kilichokuwa na mamlaka ya kuita mafundi kilikuwa umoja wa wamiliki, na umoja wa wamiliki ulitumia karibu miaka mitatu kubishana.

Kabla ya hapo sheria ya Florida iliwaruhusu wamiliki kupiga kura wasiweke akiba kabisa. Mwaka 2022 jimbo likaanza kuufunga mlango huo kwa mambo yanayogusa uimara wa jengo, na kuamuru majengo ya ghorofa tatu na zaidi yakaguliwe yakizeeka. Michango ikapanda. Wazee wanaoishi kwa pensheni, waliokuwa wamemaliza kulipia fleti zao, wakajikuta hawawezi kubaki ndani yake. Sijaona njia ya kukwepa maumivu hayo. Naona tu kwamba yangekuwa madogo kama yangeanza mapema.

Kwetu kuna mambo mawili yanayozidisha ugumu. Fleti nyingi zina wenyewe walioko mbali, Muscat, London au Mwanza, na anayekaa ndani ni mpangaji asiye na kura. Mwenye kura haoni ufa, anayeuona ufa hana kura. La pili ni mjenzi: maadamu hajamaliza kuuza, fleti zilizobaki zinampa sauti kubwa mkutanoni, na mara nyingi kampuni ya kusimamia jengo aliichagua yeye. Anayefikiria kununua aombe kumbukumbu za mikutano miwili ya mwisho, orodha ya wanaodaiwa na kiasi cha akiba kilichoko benki. Akiambiwa hesabu zipo ila ziko kwa mtu fulani, ameshajibiwa.

Mimi sikuuliza hayo niliponunua. Nilimwomba mweka hazina wetu wiki iliyopita, akanifungulia kaunta buku mezani kwake, mwandiko mzuri, kila risiti imebandikwa kwa gundi. Akiba: shilingi 1,340,000. Bei ya pampu mpya aliyoletewa na fundi: milioni mbili na laki nane. Suala la kinu lilikuwa limekwisha bila kanuni. Muuguzi alimletea mama kipande cha tairi la lori cha kuweka chini ya kinu, na sasa anatwanga saa kumi na moja jioni, jirani akiwa ameshaamka. Nikauliza kwa nini pampu haikupitishwa siku ile. Akafungua ukurasa wa mahudhurio. Akidi yetu ni wamiliki 13. Tulianza tukiwa 14. Ilipofika zamu ya pampu tulikuwa tumebaki tisa.