Kusoma Si Kukimbia

Hadithi kubwa hueleweka namna gani? Tutwae kitabu kimoja: Les Misérables cha Victor Hugo, Mfaransa, kilichotolewa mwaka 1862.

Jean Valjean amekaa kifungoni miaka 19, kwa sababu ya mkate alioiba na kwa kujaribu kutoroka. Askofu Myriel anampokea nyumbani. Naye anamwibia vyombo vya fedha. Askari wanapomrudisha, Askofu anamsamehe, tena anampa vinara viwili vya fedha. Hapo msomaji mwenye haraka husema: «Mwizi ameongoka!» Sivyo. Kurasa chache mbele, Valjean yule yule anakanyaga sarafu ya mtoto maskini na kumfukuza. Ndipo anajitambua, analia. Na vile vinara? Mwishoni mwa kitabu vinamwangaza anapokufa.

Basi tusome mpaka mwisho. Tuangalie vitu vidogo vinavyorudi, maana mwandishi havirudishi bure. Wala tusimhukumu mtu kwa ukurasa mmoja. Anayezoea kusoma hivyo atajifunza pia kumvumilia jirani yake, ambaye kitabu chake hakijafika mwisho.