Hifadhi ya Balozini na Njia ya Kutokea

Vita vya Unguja vya tarehe 27 Agosti 1896 hutajwa sana kwa ufupi wake, maana vilianza saa tatu na dakika mbili za asubuhi, na kabla ya saa nne kutimia vilikuwa vimekwisha. Lakini kwa mtu atakaye kufahamu jinsi mkimbizi wa kisiasa anavyohifadhiwa chini ya bendera ya dola ya kigeni, na jinsi madola yanavyoshindana juu ya kichwa chake, yenye mafunzo zaidi ni yale yaliyofuata baada ya mizinga kunyamaza. Seyyid Khalid bin Barghash alikuwa amelishika jumba la kifalme siku mbili kabla yake, mara alipofariki Seyyid Hamad bin Thuwaini, pasipo idhini ya balozi wa Uingereza, ambayo wakati ule Waingereza walikuwa wameifanya kuwa sharti la mtu yeyote kukalia kiti cha Unguja. Akaamriwa ashushe bendera na kutoka, akakataa; Admirali Harry Rawson akafungulia mizinga ya manowari zake; watu wa jumbani wapatao mia tano wanakisiwa kuwa waliuawa au kujeruhiwa, na kwa upande wa Waingereza baharia mmoja akapata jeraha. Khalid, akifuatana na watu wake wapatao arobaini, akakimbilia nyumba ya balozi wa Ujerumani.

Waingereza, ambao siku ile ile walikwisha kumtawaza Seyyid Hamoud bin Mohammed na mji mzima ukawa mikononi mwao, waliweka askari nje ya nyumba ile ili wamkamate Khalid pindi atakapotia mguu njiani, na ndani yake wakawamo mabaharia wa Kijerumani wenye silaha wakiilinda. Mwezi mzima na zaidi ukapita hivyo. Askari wale wangaliweza kuuvunja mlango kwa dakika chache kuliko zile zilizotumika kulibomoa jumba, nao hawakuuvunja, na yafaa msomaji ajue ni kwa nini.

Wengi hudhani kwamba nyumba ya balozi ni kipande cha nchi yake kilichopandikizwa katika ardhi ya wengine. Dhana hii ni kongwe, na si sahihi. Ardhi hubaki kuwa ya mwenyeji, na uhalifu ukitendeka humo ni uhalifu uliotendeka katika nchi ya mwenyeji. Isipokuwa mwenyeji amejifunga, kwa ada ya karne nyingi na baadaye kwa Mkataba wa Vienna wa tarehe 18 Aprili 1961, kwamba maafisa wake hawataingia ubalozini ila kwa ruhusa ya mkuu wa ubalozi ule. Kifungu cha 22 cha mkataba huo hakikuweka udhuru wa moto, wala wa maradhi, wala wa mtu anayetafutwa. Mkataba huo huo, kwa upande wa pili, unakataza nyumba ya ubalozi isitumiwe kwa mambo yasiyopatana na kazi za kibalozi, na juu ya hifadhi ya wakimbizi haukusema neno, kwa sababu madola hayakuafikiana. Hivyo mwenyeji aliyeudhika ana dawa mbili: kumfukuza balozi, au kukata uhusiano na dola yake.

Kwa kuwa mlango haukuvunjika, Waingereza walitaka wakabidhiwe Khalid. Wajerumani wakajibu kwamba mapatano ya nchi zao mbili ya kukabidhiana wahalifu hayawahusu watu wenye makosa ya siasa. Jibu hilo lilikuwa na msingi madhubuti. Ubelgiji ndiyo iliyotangulia kuiandika kanuni hiyo katika sheria yake ya 1833, na baada yake kanuni ikaenea katika mikataba ya Ulaya: mwizi, mghushi na muuaji hurejeshwa kwao wakahukumiwe, lakini aliyeshindana na watawala juu ya utawala harejeshwi, kwa kuwa wale wanaomtaka ndio washitaki, na mara nyingi ndio watakaokuwa mahakimu. Ni kweli kwamba mwaka 1856 Wabelgiji hao hao walipunguza upana wa kanuni yao, wakaweka kuwa kumuua mkuu wa dola au jamaa yake hakuhesabiwi kosa la siasa. Na tangu siku hiyo hadi leo siasa yote ya kukabidhiana watu imekuwa ni mzozo juu ya mpaka huo, kila dola ikimwita mpinzani wake jambazi na mpinzani wa jirani yake mkimbizi.

Ikabaki shida ya njia. Tarehe 2 Oktoba 1896 manowari ya Kijerumani Seeadler ilitia nanga bandarini, na maji yalipojaa mashua yake ikasogea hata kwenye mlango wa bustani ya ubalozi uliokabili bahari, Khalid akatoka bustanini akaingia mashuani pasipo kukanyaga ardhi ya Unguja iliyo nje ya ubalozi, akapelekwa Dar es Salaam. Asidhani mtu kuwa Wajerumani walisukumwa na huruma. Haikuwa imetimia miaka saba tangu dola hiyo hiyo ilipomnyonga Abushiri bin Salim huko Pangani, Desemba 1889, kwa kosa lisilotofautiana sana na la Khalid, yaani kuwapinga wageni kwa silaha. Lakini mmoja alikuwa adui wa Wajerumani, na mwingine alikuwa adui wa washindani wao, mtu ambaye siku moja angaliweza kuwafaa. Alikaa Dar es Salaam miaka mingi, mpaka Waingereza walipompata katika Vita Kuu ya Kwanza wakamhamishia Shelisheli na Saint Helena, kisha wakamruhusu kurejea Afrika Mashariki, akafariki Mombasa mwaka 1927.

Ninaisimulia kadhia hii kwa urefu kwa sababu inadhihirisha jambo ambalo wanasheria hulitaja kwa haraka: sheria hukilinda kizingiti, njia haiilindi. Aingiaye ubalozini hulindwa na ada ya mataifa yote. Lakini ili atoke akiwa huru hana budi kupewa amani ya njia na yule yule anayemwinda, au awe na bahari mlangoni na manowari ya kumngoja, jambo ambalo wakimbizi wengi hawalipati.

Víctor Raúl Haya de la Torre hakulipata. Chama chake kilishitakiwa kwa uasi uliotokea Peru tarehe 3 Oktoba 1948, naye baada ya kujificha kwa miezi mitatu aliingia ubalozi wa Kolombia mjini Lima tarehe 3 Januari 1949. Nchi za Amerika ya Kusini zina mila yao katika jambo hili, nayo ni mila ya kuheshimiwa sana: kwa kuwa mapinduzi yalikuwa mengi, na mtawala wa leo alijua kwamba kesho yeye mwenyewe huenda akagonga mlango wa ubalozi, walipatana kwa mikataba, ule wa Havana wa 1928 ukiwa mmojawapo, kwamba hifadhi ya balozini ni haki. Peru hata hivyo ilikataa kutoa amani ya njia, na mashauri yakafikishwa mbele ya Mahkama ya Kimataifa mjini The Hague. Tarehe 20 Novemba 1950 majaji waliamua kwamba Kolombia haina mamlaka ya kukata shauri peke yake kuwa kosa la mtu yule ni la siasa, wala Peru hailazimiki kumfungulia njia. Na kwamba hifadhi ile haikutolewa kwa mujibu wa mkataba, kwa kuwa haikuthibitika kuwapo hatari ya papo kwa papo. Kolombia ikauliza: basi tumtoe? Tarehe 13 Juni 1951 majaji wakajibu kwamba hifadhi yapasa ikome, lakini Kolombia hailazimiki kumkabidhi. Hukumu hizo mbili nimezisoma zaidi ya mara moja na kila mara huniacha na uchungu, kwani mtu alikuwa amefungiwa chumbani, na mahkama kubwa kuliko zote duniani ikamwambia kwamba haifai akae na hailazimu atolewe. Alitoka Aprili 1954, yapata miaka mitano na miezi mitatu tangu kuingia, baada ya serikali mbili kusikilizana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka ule ule nchi za Amerika ya Kusini zikaandika mkataba wa Caracas, zikiweka wazi kuwa mwenye kutoa hifadhi ndiye mwenye kuamua aina ya kosa.

Kwingineko muda ulikuwa mrefu zaidi. Kadinali József Mindszenty aliingia ubalozi wa Marekani mjini Budapest tarehe 4 Novemba 1956, asitoke mpaka Septemba 1971. Na wakuu wa serikali ya Mengistu Haile Mariam walioingia ubalozi wa Italia mjini Addis Ababa mwaka 1991 walizeeka humo, wawili wa mwisho wakitoka Desemba 2020.

Nairobi nayo ina kadhia yake. Abdullah Öcalan, kiongozi wa Wakurdi waliopigana na dola ya Uturuki, alitoka Syria Oktoba 1998 akazunguka Ulaya asipate pa kukaa; Italia ilimkamata, ikakataa kumkabidhi kwa kuwa Uturuki ilikuwa na adhabu ya kifo, lakini haikutaka abaki. Tarehe 2 Februari 1999 Wagiriki wakamficha katika nyumba ya balozi wao jijini Nairobi. Tarehe 15 akatolewa kwa maneno kwamba anapelekwa Uholanzi, akachukuliwa garini hata uwanja wa ndege, na ndani ya ndege aliyopandishwa walimngoja maafisa wa Kituruki. Mawaziri watatu wa Ugiriki wakaanguka kwa fedheha hiyo. Mahkama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika hukumu ya tarehe 12 Mei 2005, iliona kuwa kesi yake Uturuki haikuwa ya haki, ila katika namna alivyokamatwa Kenya haikuona uvunjaji wa sheria. Hapakuwa na hakimu aliyemsikiliza Nairobi, wala ombi lililojadiliwa hadharani. Ilikuwa ni safari ya gari tu.

Nayo mabadilishano ya moja kwa moja baina ya jirani na jirani tunayajua. Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu, walioongoza jaribio la mapinduzi Kenya tarehe 1 Agosti 1982, walikimbilia Tanzania. Na Watanzania waliotuhumiwa kwa njama ya 1983 dhidi ya Mwalimu Nyerere walitorokea Kenya. Mnamo Novemba 1983 kila serikali ikampa mwenziwe watu wake, na mwezi huo huo mpaka uliokuwa umefungwa tangu 1977 ukafunguliwa. Ochuka na mwenziwe walinyongwa mwaka 1987. Wananchi wa pande zote mbili waliufurahia mpaka, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini kukabidhiana huko ndiko hasa sheria ya karne iliyotangulia ilikokusudia kukuzuia.

Hata hifadhi iliyotolewa kwa hati yaweza kuondolewa. Ekuador ilimpokea Julian Assange katika ubalozi wake wa London mwezi Juni 2012, na rais alipobadilika nia ikabadilika, hata tarehe 11 Aprili 2019 balozi mwenyewe akawakaribisha polisi. Miaka mitano baadaye, usiku wa tarehe 5 Aprili 2024, polisi wa Ekuador hiyo hiyo waliuvunja ubalozi wa Meksiko mjini Quito wakamtoa Jorge Glas, aliyewahi kuwa makamu wa rais na kuhukumiwa kwa rushwa, ambaye siku ile ile Meksiko ilikuwa imetangaza kumpa hifadhi. Meksiko ilikata uhusiano na kwenda The Hague kushitaki. Ekuador nayo, kabla ya mwezi kwisha, ikashitaki kwa upande wake kwamba hifadhi hiyo ilitumiwa kumficha mhalifu wa kawaida. Kwa maoni yangu Ekuador ina hoja ya kusikilizwa, kwani hifadhi ya siasa haikuwekwa kwa ajili ya wenye kula mali ya umma. Lakini hoja yake ilikuwa na mahali pake, nayo ingaliweza kumfukuza kila mjumbe wa Meksiko kabla ya kuligusa lango. Majaji wameulizwa maswali yote mawili, la mlango uliovunjwa na la mtu aliyefichwa, na natumaini watayajibu yote, pasipo kosa la mwenye kuficha kuwa udhuru wa aliyevunja.